Miaka 60 na miaka 65: namna ya kupanga mwisho wa urubani wako

Safari yangu ya mwisho nikiwa na abiria nyuma ilikuwa Jumatatu, tarehe 11 Machi 2024, Mwanza kwenda Dar es Salaam, kwa ATR 72, ndege ya marubani wawili, jua likizamia ziwani. Kesho yake nilitimiza miaka 65, na kuanzia saa sita ya usiku ule sheria haikuniruhusu tena kukaa kwenye kiti kile kwa kazi ya kulipwa. Sikuwa naumwa, sikuwa nimekosea, hakuna aliyenifukuza. Tarehe ilifika.

Naandika haya kwa ajili yenu mlio na miaka 50 na kuendelea, hasa nyinyi mnaorusha ndege ndogo ya Caravan peke yenu kwenda mbugani, kwa sababu ukuta wenu uko karibu zaidi na wengi wenu hamjautazama. Nimeona wenzangu wenye mikono mizuri kuliko yangu wakimaliza vibaya kwa kukosa hesabu ya miaka mitano tu. Hesabu yenyewe inaanzia mwisho na kurudi nyuma. Nitaieleza nilivyoifanya mimi, pamoja na mahali nilipochelewa.

Kuta ni mbili, soma zote

Kanuni mama iko kwenye Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kile kinachohusu leseni. Inasema hivi: kwenye safari za kimataifa za kusafirisha watu au mizigo kwa malipo, rubani anayerusha peke yake anakoma akitimiza miaka 60. Ndege ikiwa na marubani zaidi ya mmoja, anakoma akitimiza 65. Kanuni za nchi zetu za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya msingi huohuo, na CASSOA, taasisi ya Jumuiya iliyoko Entebbe, ina kazi ya kuzilinganisha. Usiende kazini ukijipa moyo kwamba wewe unaruka Arusha kwenda Serengeti tu, hivyo mambo ya kimataifa hayakuhusu. Ingia kwenye tovuti ya mamlaka yako ya usafiri wa anga, TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya au nyingine, fungua kanuni za leseni, tafuta kifungu cha umri, ukisome mwenyewe kwa macho yako. Usikubali kusimuliwa kwenye chumba cha kusubiria.

Ukisoma, litazame neno “kutimiza”. Maana yake siku yenyewe ya kuzaliwa tayari uko nje. Siku yako ya mwisho ya kazi ni ile ya kabla yake.

Sababu ya kuta kuwa mbili haina fumbo. Wanaotunga kanuni wanaogopa rubani kuzimika ghafla, moyo au ubongo, ndege ikiwa hewani. Kwenye ATR mimi nikianguka, binti wa miaka 29 aliye kulia kwangu anaichukua ndege na kuitua. Tunalifanyia zoezi hilo kwenye simuleta, mashine ya mafunzo inayoigiza ndege, mara kwa mara. Kwenye Caravan yenye rubani mmoja kuna watalii kumi na makreti ya nyanya za kambini. Hakuna wa kuichukua.

Nilipoanza kazi, 60 ndiyo ilikuwa mwisho wa kila mtu. Novemba 2006 ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ikapandisha hadi 65 kwa ndege za marubani wawili, ila kwa sharti: aliyevuka 60 lazima apangwe na mwenzake ambaye hajafika 60. Waliokuwa wakipanga rosta miaka ile wanajua taabu yake, maana ukiwa na wazee wawili wazuri huwezi kuwaweka kwenye ndege moja. Sharti hilo liliondolewa Novemba 2014. Bado utakuta watu wanalisimulia kana kwamba lipo, ndiyo maana nasema soma kanuni ya leo.

Anza na tarehe ya kuzaliwa, na uianze mapema

Hapa ndipo pana ugonjwa wetu wa nyumbani. Wengi wa rika langu tulizaliwa bila karatasi. Mimi mama alikuwa na kadi ya zahanati ya misheni iliyoandikwa kwa wino, 12 Machi 1959, lakini shule niliyoanzia waliniandika 1957, kwa sababu mwalimu aliona nina mwili mkubwa na darasa lilikuwa na nafasi. Cheti cha shule kikazaa karatasi nyingine, na hiyo ikazaa nyingine. Nilipokwenda kuomba leseni, tarehe mbili zilikuwa zikitembea na mimi kama watu wawili.

Niliirekebisha mwaka 1991, nikiwa na miaka 32. Kadi ya zahanati, cheti cha ubatizo, hati ya kiapo mbele ya hakimu, safari nne za Dar es Salaam kwa basi. Ilinichukua miezi tisa. Miaka miwili ile ya kazi, ambayo ningeipoteza mwishoni, niliiokoa nikiwa kijana ambaye hata hakuwa akiwaza kustaafu.

Mwenzangu mmoja alikuwa na tatizo la aina hiyohiyo, na alikuwa na haki kabisa, lakini alilikumbuka akiwa na miaka 63. Sasa jiweke kwenye kiti cha ofisa anayepokea faili: rubani wa miaka 63 anakuja kusema kumbe yeye ni wa 61. Nani atamwamini? Faili lilikaa, likaombewa ushahidi, likakaa tena. Akafikisha 65 ya karatasini kabla jibu halijatoka.

Kwa hiyo wiki hii, panga mezani hati zako zote: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, pasipoti, leseni, cheti cha afya, kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, mkataba wa kazi. Angalia siku, mwezi na mwaka kwenye kila moja, na jina pia, herufi kwa herufi. Mojawapo ikipishana na cheti cha kuzaliwa, irekebishe sasa. Na kama unafikiria kujipunguzia umri ambao si wako, nakusihi, acha. Nyuma yako kuna watu waliokukabidhi roho zao kwa kuamini kwamba kila karatasi yako ni ya kweli, na siku litakapotokea la kutokea, bima itaanza kusoma tarehe hizo kabla ya kusoma kitu kingine.

Ukuta wa 60: hama ukiwa na miaka 55 au 56

Mimi nilirusha ndege ndogo kwa miaka mingi sana. Cessna 206, kisha 402, kisha Caravan. Nazipenda mpaka leo. Kiwanja cha vumbi, unapita chini mara moja kufukuza pundamilia, unazunguka, unatua. Rubani wa namna hiyo haoni haja ya kwenda kukaa na mtu wa pili na orodha ndefu za kusoma kwa sauti.

Lakini nikiwa na miaka 55 nilikaa na daftari, nikaandika juu kabisa “12 Machi 2019”, siku nitakayotimiza 60. Chini yake nikahesabu kurudi nyuma. Ili niwe kapteni anayekubalika kwenye ndege ya marubani wawili kufikia siku hiyo, nahitaji walau miaka miwili upande wa kulia kama rubani msaidizi na kisha mafunzo ya kupanda cheo. Kabla ya hapo nahitaji taipu, yaani ruhusa ya aina ile ya ndege. Na taipu ina gharama ambayo kampuni inailipa kwa kukufunga mkataba wa miaka miwili au mitatu.

Hapo ndipo pa kuelewa vizuri. Kampuni ikimlipia taipu mtu wa miaka 56, inampata kwa miaka tisa. Ikimlipia wa 60, inampata kwa mitano. Wa 62, mitatu, na theluthi ya hiyo yuko kwenye mafunzo. Hakuna meneja atakayetia sahihi hiyo, hata akikupenda vipi. Nilipeleka barua yangu mapema 2015, na ndani yake niliandika hesabu hiyohiyo kwa upande wa faida yao: mtakuwa nami hadi Machi 2024. Waliikubali. Nikaenda kusoma ATR nikiwa na miaka 56, darasani na vijana wa umri wa wanangu, na nilisoma usiku kuliko nilivyowahi kusoma maishani. Mifumo ya umeme ya ndege ile ilinitoa jasho. Mambo ya kompyuta yalinitoa zaidi. Niliwaomba vijana wanisaidie, wakanisaidia kwa moyo, na mimi niliwaeleza namna ya kuyasoma mawingu ya Aprili juu ya Mlima Meru.

Kushuka cheo kuna uchungu wake. Kapteni wa miaka ishirini unakaa kulia, unasema “ndiyo kapteni” kwa mtu uliyemfundisha. Usiukimbie uchungu huo. Unaisha baada ya miezi michache, na ukiukataa unapoteza miaka mitano ya mshahara.

Rafiki yangu mmoja, rubani bora wa Caravan niliyewahi kumwona, alisema ataondoka mbugani siku atakayoondoka. Alitimiza 60 siku ya Jumamosi. Ijumaa alirusha safari tatu. Jumatatu alikuja uwanjani kwa mazoea, akakaa kwenye benchi chini ya mti, na mtoto wa shule wa mwisho alikuwa bado kidato cha pili. Kampuni yake ilijaribu kumweka na rubani wa pili, lakini kiti cha rubani wa pili ni kiti cha abiria anayelipa, na hesabu haikukubali.

Ikiwa umeshafika 58 na hujahama, hujachelewa kwa yote. Zungumza na kampuni zinazorusha ndege ndogo kwa marubani wawili. Wapo wateja, hasa mashirika ya misaada na ya madini, ambao hudai marubani wawili kwenye mikataba yao hata kwa Caravan. Huko 65 ndiyo mpaka wako.

Mwili

Ukivuka 60 ukiwa bado kwenye usafirishaji wa kulipwa, cheti cha afya cha daraja la kwanza kinadumu miezi sita. Wale wa peke yao wenye abiria walishazoea miezi sita tangu walipovuka 40. Kipimo cha moyo ni kila mwaka ukishavuka 50. Miwani ukihitaji, lazima uwe na jozi ya pili karibu, si kwenye begi lililoko nyuma.

Nikiwa na miaka 61 nililala kwenye kitanda cha daktari wa marubani kama nilivyofanya mara nyingi kabla. Nesi akanyoa sehemu mbili kifuani, akabandika vile vibandiko vya baridi, karatasi ikaanza kutoka. Safari hii daktari hakuikunja. Aliishika akaisogeza dirishani, akaitazama tena, kisha akaniuliza kama nina karatasi za zamani. Kulikuwa na mapigo yaliyoruka mahali pasipotakiwa.

Karatasi za zamani ninazo. Tangu 1996 nilikuwa naomba nakala ya kila kipimo na kuifungia kwenye faili la bluu, kwa sababu daktari mzee aliyenipima Nairobi aliniambia: moyo ulio na umbo la ajabu kwa miaka ishirini ni moyo wako, ulioanza ajabu jana ni ugonjwa. Mke wangu, Mama Salma, alipiga picha kurasa zote kumi na nane na kuzituma kwa simu. Daktari aliona kwamba mapigo yale yalianza kuonekana kwenye karatasi ya 2003, na hayajazidi. Hata hivyo alinipeleka kukimbia kwenye mashine nikiwa nimefungwa nyaya, na kupigwa picha ya moyo. Wiki sita sikuruka. Nilirudi. Bila faili lile ningeanzia sifuri, na nadhani wiki sita zingekuwa miezi sita.

Kwa hiyo: nakala ya kila kipimo, tangu leo. Shinikizo la damu pima nyumbani, asubuhi, andika. Sukari ishughulikie ikiwa bado ni ya kudhibitiwa kwa chakula na mwendo, maana ukifikia sindano za insulini unaweza kupoteza daraja la kwanza moja kwa moja. Usinywe dawa yoyote ya duka la jirani bila kumuuliza daktari wa marubani, hata ya mafua. Na usimfiche daktari. Najua kuna wanaomficha kwa kuogopa kusimamishwa. Nimekaa kwenye kiti kile na najua unachobeba nyuma yako, mwambie.

Kuna bima ya kupoteza leseni. Kama unayo, soma ukurasa unaotaja umri, ujue inakoma lini na kama malipo yanapungua kadiri unavyozeeka. Nyingi hazikufikishi 65.

Pesa, kwa ufupi na bila kuzunguka

Mshahara wa rubani una sehemu mbili: ule wa msingi, na posho ya saa za kuruka. Tunaishi kwa zote mbili na tunasahau kwamba siku ya kuondoka ya pili inakatika usiku mmoja. Angalia kwenye karatasi ya mshahara makato ya mfuko wa jamii yanakatwa kwenye kiasi gani. Kisha chukua taarifa ya michango yako. Kwa Tanzania, pensheni ya kila mwezi ya NSSF inataka michango isiyopungua miezi 180, na marubani wa kukodiwa kwa msimu mara nyingi wana mapengo makubwa: umefanya kazi miaka 25, michango ni ya miaka 11. Mapengo hayo yanazibika ukiwa na miaka 50. Ukiwa na 64 hayazibiki. Mimi nilikuta miezi 31 haipo, ya mwajiri mmoja wa zamani, na ilinibidi kutafuta karatasi za mshahara kwenye sanduku la bati ili kuthibitisha.

Mlioko Ghuba, mna habari yenu. Kwa sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, kiinua mgongo cha mgeni ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Neno la kulizingatia ni “msingi”. Na kibali cha kuishi huko kimefungwa kwenye kazi, kwa hiyo kazi ikiisha, nyumba, shule za watoto na bima ya afya vinafuata. Jenga Tanga, Mombasa au popote palipo kwenu wakati bado unalipwa, na uhamie kwenye bima ya afya ya nyumbani kabla hujapata ugonjwa wa kuandikiwa kwenye fomu.

Deni lolote la benki lipangwe liishe ukiwa na 63, si 65. Miaka miwili hiyo ni kwa ajili ya daktari kukuweka chini ghafla.

Usijenge juu ya 67

Kila mwaka utasikia kwamba umri unapanda. Marekani, Baraza la Wawakilishi lilipitisha 67 mwaka 2023, lakini sheria iliyotiwa sahihi Mei 2024 iliacha 65 palepale. Mwaka 2025 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ilipeleka pendekezo la 67 kwenye mkutano mkuu wa ICAO Montreal, nalo halikupita.

Hoja ya uzoefu naiamini kwa moyo wote. Kapteni Al Haynes wa Marekani alikuwa na miaka 57 mwaka 1989 alipoifikisha Sioux City ndege ya DC-10 iliyopoteza haidroliki yote, nguvu ya kuiongozea, na zaidi ya watu 180 wakatoka hai. Kapteni Sullenberger naye alikuwa na 57 alipoiweka Airbus kwenye mto Hudson, Januari 2009. Lakini kuamini hoja na kupanga maisha yako juu yake ni mambo mawili. Marekani ilipopandisha kutoka 60 hadi 65, tarehe 13 Desemba 2007, waliokuwa wametimiza 60 kabla ya siku hiyo na kuondoka hawakurudishiwa nafasi zao za zamani. Wiki moja tu ilitenganisha rubani na rubani. Tena hata nchi yako ikiwa na sheria ya ukarimu, anga za wengine zina sheria zao: kapteni mmoja wa Qantas alifika hadi Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1998 akipinga kuondolewa akiwa na 60, akashindwa, kwa sababu nchi nyingi ambazo ndege yake ilikuwa ikienda zisingempokea.

Umri ukipanda, utaongeza miaka kwa furaha. Mpango uandike wa 65.

Rosta ya mwezi wa mwisho

Hapa nataka uwe mkali. Rosta yangu ya Machi 2024 ilipotoka, ilinipangia safari ya Dodoma asubuhi ya tarehe 12. Kompyuta ilikuwa na tarehe ya kuisha kwa cheti changu cha afya, ilikuwa na tarehe ya simuleta yangu, lakini hakuna aliyeweka tarehe ya kuzaliwa kama kizuizi. Ningeamka usingizini kwa mazoea, ningevaa shati, na ndege ingeondoka na abiria sitini na kitu ikiwa haina rubani halali na, kwa kila maana, haina bima. Niliiona kwa sababu nilikuwa nimeichapisha na kuibandika kwenye friji.

Miezi sita kabla, andika barua kwa idara ya rosta, idara ya mafunzo na meneja wa uendeshaji, utaje tarehe ya mwisho kamili. Mwezi mmoja kabla, ikumbushe. Wiki ya mwisho kataa safari yoyote ya kulala nje, maana ukienda tarehe 10 na kurudi 12, utarudi kama abiria na kampuni itahangaika kutafuta rubani wa kukurithi ugenini. Kataa pia safari ya usiku wa mwisho. Sisi tunaandika muda kwa Zulu, yaani saa moja ya dunia nzima (UTC), na saa sita yetu ya usiku ni saa 21:00 ya Zulu. Usiingie kwenye mabishano ya ni usiku wa manane wa wapi unaohesabiwa. Hesabu ule unaotangulia, na uwe umeshazima injini saa kadhaa kabla yake.

Simuleta yako ya mwisho ikiangukia ndani ya miezi mitatu ya mwisho, kampuni inaweza kutaka kuikwepa kwa gharama. Zungumzeni mapema, ili usijikute umesimama nyumbani tangu Januari kwa sababu ya ukaguzi ulioisha.

Na familia iambie itakuwa safari ipi. Mama Salma alipanda Mwanza, kiti cha 4A. Alikuwa amenisindikiza mlangoni saa kumi za alfajiri kwa miaka 38 na hakuwa amewahi kunisikia nikitangaza kwa abiria.

Baada ya hapo

Leseni yako haifi. Kinachokoma ni kurusha ndege ya kusafirisha watu na mizigo kwa malipo. Kurusha kwa ajili yako mwenyewe kunaendelea, kwa cheti cha afya cha daraja la pili. Kufundisha, kukagua marubani kwenye simuleta, kazi za usalama wa kampuni, kuandika vitabu vya taratibu, uchunguzi wa ajali, darasa la nadharia: yote haya yanamtaka mtu aliyeona mengi. Lakini hati za ualimu na ukaguzi zitafute ukiwa bado kazini, ukiwa na 58 au 60, kwa sababu baada ya 65 hakuna atakayekulipia kozi, na saa za kutimiza masharti utazitoa wapi? Mimi nilipata ya darasani na ya simuleta nikiwa na 62. Nilichelewa, ya kukagua sikuipata.

Kitabu chako cha kumbukumbu za safari, funga hesabu zake, jumlisha kila ukurasa, kipeleke kithibitishwe na kampuni kabla hujarudisha kitambulisho. Ukiomba kazi ya ualimu mwaka mmoja baadaye, wale waliokujua ofisini wanaweza kuwa wameshahama.

Siku hizi nafundisha hali ya hewa na uzito wa ndege kwa wanafunzi kumi na wanne, Jumanne na Alhamisi. Jumapili moja kwa mwezi tunachangia mafuta mimi na jamaa wawili, tunaruka na Cessna 172 tukizunguka mlima, mmoja mmoja kwa zamu. Cheti changu cha daraja la pili kinaisha Septemba, na miadi na daktari nimeshaiweka. Faili la bluu liko kwenye gari.